Mtenda Asiyetajwa: Sarufi ya Habari za Mauaji ya Wazee na Watu Wenye Ualbino katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya Kiswahili inayotumiwa kuzungumzia mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Juhudi za kuirekebisha lugha hiyo zimeelekezwa zaidi kwenye nomino: zeruzeru amekuwa albino, kisha mtu mwenye ualbino, kikongwe anahimizwa aitwe mzee. Hoja ya makala ni kwamba marekebisho hayo ni ya haki lakini hayajafika kwenye kiini cha tatizo. Kiini kimo katika muundo wa sentensi: kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, nomino mauaji, na kihusishi kwa, ambacho huiweka imani mahali pa mtu na kosa mabegani mwa aliyeuawa. Kwa kulinganisha lugha ya habari, ya riwaya na ya sheria, makala yanahitimisha kwamba lugha ya ulinzi haina budi kumrejesha mtenda katika sentensi.

1.0 Utangulizi

Sentensi tatu zifuatazo hazikunukuliwa katika gazeti lolote. Zimeundwa kwa kufuata ruwaza ambayo msomaji wa habari za Kanda ya Ziwa ameizoea kwa miaka mingi:

(1) Kikongwe auawa kwa imani za kishirikina.
(2) Mwanamke mwenye ualbino akatwa mkono na watu wasiojulikana.
(3) Viongozi walaani mauaji ya vikongwe.

Sentensi zote tatu ni sahihi kisarufi, na kila moja inaonekana kusimama upande wa aliyedhulumiwa. Hata hivyo, msomaji akiuliza swali la kwanza ambalo kila tendo la kuua hulizua, yaani nani ameua, hapati jibu. Katika (1) mahali pa mtu pamekaliwa na imani. Katika (2) nafasi ya mtenda imejazwa, lakini imejazwa na watu ambao sifa yao pekee ni kutojulikana. Katika (3) anayetenda ni kiongozi, na tendo lake ni kulaani.

Mjadala kuhusu lugha na hadhi ya makundi haya umejikita katika swali la majina: mtu aitweje? Swali hilo ni muhimu. Lakini mtu anaweza kuitwa kwa jina la heshima katika sentensi ambayo bado inamficha aliyemuua. Makala haya yanahama kutoka kwenye jina kwenda kwenye kitenzi, na yanaongozwa na Uchanganuzi Tahakiki wa Usemi, hasa mkabala wa Theo van Leeuwen (1996) kuhusu namna wahusika wa kijamii wanavyotajwa, wanavyosogezwa nyuma au wanavyofutwa kabisa katika matini.

2.0 Tukio na Wahusika Wake

Ili kubaini nani amefutwa katika sentensi, lazima kwanza ijulikane nani alikuwapo katika tukio. Mauaji ya wazee kwa tuhuma za uchawi yana historia ndefu katika Usukuma. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi; kati yao 2,286 walikuwa wanawake na 1,407 wanaume. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa mipaka ya wakati huo, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya vifo hivyo.

Mlolongo wa tukio unafahamika. Huanza na msiba au hasara: mtoto amefariki, ng'ombe wamekufa, mvua imekosekana. Mwenye msiba huenda kwa mganga, yule ambaye Wasukuma humwita nfumu. Ikiwa mganga huyo ni mpiga ramli wa aina ambayo sasa huitwa ramli chonganishi, jibu lake huelekeza kidole kwa mtu wa karibu, mara nyingi mwanamke mzee na mjane. Huyo hugeuka kuwa nogi, yaani mchawi. Kisha hutafutwa wakata mapanga, watu wanaotenda kwa ujira. Baada ya mauaji, shamba, nyumba na mifugo ya marehemu hupata mwenyewe mpya. Kwa hiyo wapo angalau wahusika wanne mbali na aliyeuawa: aliyetuhumu, aliyepiga ramli, aliyelipa na aliyekata. Wakati mwingine yupo wa tano, anayerithi, na huenda akawa ni yuleyule aliyelipa.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, mlolongo una sura nyingine. Utafiti wa Deborah Fahy Bryceson na wenzake (2010) ulihusisha mauaji ya watu wenye ualbino na mahusiano baina ya wachimbaji wadogo na waganga wanaowauzia kinga na bahati. Mwenye duara aliyetumia mtaji wake wote bila kuuona mwamba wenye dhahabu anaweza kuambiwa kwamba ana nuksi na kwamba dawa yake ni kiungo cha mtu. Maneno kama ndagu, yaani nguvu ya utajiri inayodaiwa kupatikana kwa kafara, huzunguka machimboni pamoja na maneno ya kawaida ya kazi kama karasha na zebaki. Hapa pia wapo mnunuzi, mganga, mtafutaji na mshambuliaji.

Matukio haya mawili yanatofautiana katika jambo la msingi. Mwili wa bibi mzee huondolewa kwa kuwa umedaiwa kuwa hatari. Mwili wa mtu mwenye ualbino hutafutwa kwa kuwa umedaiwa kuwa mali. Pamoja na tofauti hiyo, habari za matukio yote mawili huandikwa kwa sarufi moja.

3.0 Marekebisho ya Nomino na Mipaka Yake

Marekebisho ya majina yamepiga hatua ya kweli. Neno zeruzeru, lililokuwa la kawaida katika kamusi na mazungumzo, limeachwa katika matumizi rasmi. Neno albino, lililochukua nafasi yake, nalo limepingwa kwa sababu linamfanya mtu kuwa hali yake ya ngozi. Kirai mtu mwenye ualbino kina faida inayoonekana katika muundo wake: mtu ndiye neno kuu, na ualbino ni kitu alichonacho miongoni mwa vingine. Vivyo hivyo, mtu mwenye ulemavu kimechukua nafasi ya mlemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekipa kirai hicho nguvu ya kisheria. Dhidi ya majina hayo lipo neno la mtaani, dili, ambalo watu wenye ualbino wamekuwa wakirushiwa wapitapo njiani. Neno hilo halimtusi mtu kwa ngozi yake. Linamtangazia kwamba ana bei.

Kwa upande wa wazee, lawama imeelekezwa kwa neno kikongwe, na pamoja nalo kizee na ajuza. Hoja inayosikika mara kwa mara ni ya kimofolojia: kiambishi ki- ni cha vitu na cha udogo, hivyo lugha inayosema kikongwe, kipofu, kiziwi na kiwete imewatoa wazee na watu wenye ulemavu katika ngeli ya watu na kuwaweka pamoja na viti na vikapu.

Hoja hii inavutia, lakini haitoshi. Kwanza, kiambishi hichohicho kimo katika kijana, kiongozi na kinara, na hakuna anayedai kwamba kiongozi amedhalilishwa na ngeli. Pili, upatanisho wa kisarufi unakataa tafsiri hiyo. Msemaji wa Kiswahili sanifu hasemi *kikongwe kimeuawa. Husema kikongwe ameuawa na vikongwe wale wameuawa. Sarufi humtambua mtu aliyemo ndani ya nomino na kumpa upatanisho wa A-WA. Ki- peke yake, kwa hiyo, si hukumu.

Kinachostahili kuchunguzwa ni wakati ambapo neno moja huliachia jingine nafasi. Mwanamke wa miaka 70 anayeongoza kikundi cha kuweka akiba huitwa mama au bibi. Mwanamume wa umri huo anayesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba huitwa mzee, neno ambalo kwa Kiswahili ni cheo kabla ya kuwa umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilichagua neno hilo. Mtu huyohuyo akiuawa, huitwa kikongwe. Kwa maneno mengine, kikongwe limekuwa jina la mzee aliyekwisha kugeuzwa mtendwa. Kulibadilisha jina bila kuibadilisha nafasi ya mtu katika sentensi kutaleta matokeo yanayoweza kutabirika: jina jipya litarithi unyonge wa jina la zamani.

Ushahidi wa jambo hilo uko karibu. Mauaji ya albino yakiandikwa upya kuwa mauaji ya watu wenye ualbino, heshima imeongezeka ilhali habari ni ileile. Tena kirai biashara ya viungo vya watu wenye ualbino kinaonyesha jinsi jina la heshima linavyoweza kuketi ndani ya lugha ya soko. Biashara huhitaji muuzaji na mnunuzi. Kirai hiki hakina hata mmoja wao, na kilichobaki mbele ya macho ya msomaji ni bidhaa.

4.0 Sarufi ya Kumficha Mtenda

Njia ya kwanza ya kumficha mtenda ni kauli ya kutendwa. Kitenzi ua kina nafasi mbili, ya anayeua na ya anayeuawa. Kikiwa uawa, anayeuawa hupanda kuwa kiima na anayeua hushuka nyuma ya kihusishi na, au hutoweka bila sentensi kudai chochote. Tony Trew, katika kitabu cha Roger Fowler na wenzake cha mwaka 1979, alichambua namna magazeti ya Uingereza yalivyoripoti polisi wa Rhodesia kuwapiga risasi Waafrika mwaka 1975. Alionyesha kwamba kadiri habari ilivyosimuliwa upya ndivyo polisi walivyosogea nyuma ya kauli ya kutendwa, na waliouawa wakaanza kuelezwa kwa kosa lao wenyewe, la kufanya ghasia. Kauli ya kutendwa haikusema uongo. Ilihamisha mzigo wa maelezo kutoka kwa mwenye bunduki kwenda kwa maiti.

Kiswahili kina nyenzo ya ziada ya uhamishaji huo, nayo ni kihusishi kwa. Katika tungo za kutendwa, kwa hutaja ala (amekatwa kwa panga), namna (amepokewa kwa furaha) na sababu. Tazama sababu inavyotajwa katika sentensi hizi:

(4) Amefungwa kwa wizi.
(5) Amefukuzwa kwa uzembe.
(6) Ameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Katika (4) na (5), nomino inayofuata kwa hutaja kosa la kiima. Wizi ni wa aliyefungwa. Uzembe ni wa aliyefukuzwa. Huu ni muundo wa adhabu, na msikilizaji wa Kiswahili huutambua bila kufundishwa. Sentensi (6) inaingia katika muundo huohuo. Neno tuhuma linajaribu kuikinga, lakini kinga hiyo ni dhaifu, kwa kuwa tuhuma nazo hazina mwenyewe. Hazikuelezwa kuwa ni tuhuma za mpwa wake au za jirani yake aliyekuwa akigombea shamba. Ni tuhuma za uchawi, na uchawi umeegemezwa kwa marehemu. Mwandishi aliyekusudia kumtetea amempa msomaji muundo wa hukumu.

Kirai kwa imani za kishirikina, kilichomo katika (1), hufanya kazi tofauti kidogo. Hakimshtaki marehemu, bali kinaishtaki hewa. Imani ya nani? Kirai hakina kimilikishi. Imani hiyo ni ya jamii nzima, kwa hiyo si ya mtu yeyote. Kisha kivumishi cha kishirikina, chenye asili katika msamiati wa dini, kinaligeuza kosa la jinai kuwa upungufu wa kiimani, ambao tiba yake ni mahubiri na elimu.

Je, imani ndiyo iliyoua? Utafiti wa Edward Miguel (2005) katika wilaya ya Meatu, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga wakati wa utafiti huo na sasa imo Simiyu, unatoa jibu lisiloacha nafasi ya kuridhika na kirai hicho. Miguel alibaini kwamba katika miaka ya mvua iliyokithiri, yaani ya ukame au mafuriko, mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takribani mara mbili ya miaka mingine. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na waliowaua kwa kawaida walikuwa ndugu zao. Imani ilikuwapo katika miaka yote, ya neema na ya njaa. Kilichobadilika ni chakula ghalani, na pamoja nacho uamuzi wa watu fulani juu ya nani abaki mezani. Imani ilikuwa lugha ambayo uamuzi huo ulisemwa. Aliyeamua alikuwa mtu. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako hutumiwa kijijini kumwonyesha bibi kuwa adui wa ndani. Matokeo ya Miguel yanaigeuza: mwenye haki ya kuitamka ni bibi mwenyewe.

Njia ya pili ya kumficha mtenda ni nomino mauaji. Kutokana na kitenzi ua, lugha inazalisha muuaji, wauaji na mauaji. Nomino mbili za kwanza humtaja mtenda; ya tatu hutaja tendo na kumwacha mtenda nje. Mauaji yanaweza kuongezeka, kupungua, kuibuka upya, kulaaniwa na kukomeshwa kana kwamba ni mvua au maradhi. Ni rahisi kusema mauaji yameibuka Geita. Si rahisi kusema wauaji wameibuka Geita bila msikilizaji kuuliza ni akina nani na wametumwa na nani.

Njia ya tatu ni watu wasiojulikana. Kirai hiki kinamtaja mtenda na wakati huohuo kumfuta. Hawajulikani na nani? Mara nyingi mpiga ramli anajulikana kijiji kizima, na mgogoro wa shamba umekwisha kufika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wasiojulikana ni wale wanne au watatu walioshika mapanga usiku. Kwa kuwataja hao peke yao, sentensi inamaliza orodha ya watenda pale inapopaswa kuanzia. Ugumu huu unachangiwa na kitenzi chenyewe: ni nadra kwa Kiswahili kutumia kauli ya kutendesha ya ua kwa maana ya kumfanya mwingine aue. Aliyetuma hana nafasi ndani ya kitenzi. Lazima apewe kitenzi chake, kama vile tuma, kodi, agiza au lipa. Asipopewa, hayumo.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya kisheria: mwandishi hawezi kumtaja muuaji kabla ya mahakama. Ni kweli kwamba hawezi kutaja jina. Lakini anaweza kutaja jukumu. Ikiwa polisi wameeleza kwamba wanachunguza mgogoro wa mirathi, hakuna sheria inayomzuia kuandika:

(7) Mzee auawa. Polisi wamsaka aliyekodi wakata mapanga.

Pingamizi ya pili ni ya kiisimu: kauli ya kutendwa humweka aliyedhulumiwa mwanzoni mwa sentensi, na kumwondoa hapo ni kumsahau. Lakini Kiswahili kina njia ya kumweka mtendwa mwanzoni bila kumpoteza mtenda:

(8) Bibi huyu, aliyepiga ramli ndiye aliyemtaja, na mwenye deni lake ndiye aliyelipa.

Bibi yuko mwanzoni, na wawili waliomwangamiza wamo katika nafasi zao. Lugha haikosi uwezo huo. Kilichokosekana ni mazoea ya kuutumia.

5.0 Mtenda katika Riwaya

Fasihi ya ukanda huu na ya jirani zake inatoa mifano ya sarufi nyingine. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe na kumalizika mwaka 1945 kisha kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, inatoka Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Geita. Bugonoka hatuhumiwi uchawi. Anasimangwa kwa kutozaa. Hata hivyo muundo wa masimango yake unafanana na wa tuhuma: bahati mbaya ya ukoo inatwikwa mwili wa mwanamke. Kitereza hawaachi masimango hayo yaelee. Yana vinywa vilivyoyatamka, ambavyo ni vya ndugu wa mume. Yana matokeo, kwa kuwa wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Na yana fidia, kwa kuwa Myombekere analazimika kwenda kwa wakwe na kupeleka pombe ili arudishiwe mke. Mganga naye anaingia kama tabibu: anatibu, na haelekezi kidole kwa mtu. Wahusika wakuu wanazeeka na kufa kifo cha wazee. Usomaji wa riwaya hii leo unakumbusha kwamba uganga na ramli ya kuchonganisha si kitu kimoja, na kwamba anayeviunganisha viwili hivyo chini ya neno ushirikina anawasaidia wachonganishi kujificha nyuma ya matabibu.

Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977), yenye mandhari ya nyanda za juu kusini, inaushughulikia uchawi moja kwa moja kwa kumwonyesha kijana anayeurithi kutoka kwa baba yake. Nguvu ya riwaya ni kwamba urithi una mtoaji na mpokeaji. Hakuna tendo lisilo na mwenyewe. Udhaifu wake, kwa mtazamo wa makala haya, ni kwamba katika ulimwengu wake uchawi unatendeka kweli. Kwa hiyo mchawi ndiye anayesimama kizimbani, na anayetuhumu hapati nafasi ya kuhojiwa. Riwaya ya Kiswahili imempa mchawi saikolojia, historia na majuto. Mpiga ramli na mtu aliyelipa bado wanasubiri mwandishi wao.

Mfano wa tatu haukuandikwa kwa Kiswahili, lakini umesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania: Takadini ya Ben Hanson (1997), ambayo mandhari yake ni Zimbabwe ya kale. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo desturi yake ni kuwaangamiza watoto wa namna hiyo. Katika riwaya hii mama ndiye kiima cha vitenzi: anakataa, anatoroka, anatafuta hifadhi, analea. Jina la mtoto lenyewe ni sentensi ya Kishona yenye maana ya tumefanya nini? Kitenzi chake kina mtenda, naye ni sisi. Jina hilo halisemi nini kimetokea. Linawauliza wanaoliita wamefanya nini. Msomaji wa Geita anaweza kulisikia swali hilo kama lake.

6.0 Mtenda katika Sheria

Aina moja ya matini haina uhuru wa kumwacha mtenda, nayo ni hati ya mashtaka. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani wanaume watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa miaka 14 kutoka Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo na ambayo tangu 2012 imo katika mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa lugha ya mahakama, kijana huyo hakuuawa na imani. Washtakiwa walimuua.

Sheria zenyewe zina nafasi kwa wahusika ambao sentensi (1) hadi (3) zimewatupa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 196, hulitaja kosa la kuua kwa kusudi kwa kuanzia na mtu anayesababisha kifo. Na kifungu cha 22 humhesabu kuwa mkosaji mkuu pia yule anayemshauri au kumshawishi mwingine atende kosa. Mtumaji, ambaye kitenzi ua hakina nafasi yake, anayo nafasi katika sheria. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza wa mwaka 1928, inamfanya mkosaji pia mtu anayemsingizia mwenzake uchawi. Lakini sheria hiyohiyo inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi kuishi mahali pengine. Kifungu kimoja kinamkamata mtuhumu. Kingine kinamhamisha mtuhumiwa.

Mantiki ya kuhamisha imeenea kuliko sheria hiyo. Baada ya mashambulizi kushika kasi, watoto wenye ualbino walikusanywa katika vituo na shule za bweni, Buhangija katika Manispaa ya Shinyanga kikiwa miongoni mwavyo, na wazee waliotishwa walikimbilia mijini au kwa ndugu wa mbali. Hatua hizo ziliokoa maisha na hazipaswi kubezwa. Hata hivyo, neno linalozieleza, kuhifadhiwa, lina sarufi yake. Hifadhi humtaja anayewekwa na mahali anapowekwa, na haidai kumtaja anayetisha. Kulinda kunadai zaidi: mtu hulindwa dhidi ya fulani. Mzee aliyehamishiwa mjini amehifadhiwa. Kama mpiga ramli bado anapokea wateja na shamba limekwisha kulimwa na mwingine, hajalindwa.

Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri sheria na kuandika hukumu kwa Kiswahili inawahusu moja kwa moja wanaisimu na wafasiri. Hatari iliyopo ni kwamba ruwaza za habari, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka, zitaingia mahakamani: kwamba mtu anayesababisha kifo atageuka kuwa kifo kilichosababishwa, na kwamba kusingizia uchawi kutageuka kuwa tuhuma za uchawi. Mfasiri anayebadili kauli ya kitenzi katika kifungu cha namna hiyo anaweza kubadilisha anayeshtakiwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba sentensi iliyoandikwa vizuri ingezuia panga. Aliyekodi wauaji hakusubiri ruhusa ya mhariri. Yanachodai ni kwamba jamii huchunguza kile ambacho lugha yake inakitaja. Palipotajwa imani, huanzishwa semina. Palipotajwa macho mekundu ya bibi, yaliyotokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia kwa kukosa kuni, huhimizwa majiko banifu. Semina na majiko vina faida, lakini vyote viwili vinamrekebisha aliyeshambuliwa na mazingira yake. Palipotajwa aliyelipa, lazima mtu aulize alipata wapi fedha na alitegemea kupata nini.

Hivyo marekebisho ya nomino yaendelee, na yaongezewe marekebisho ya kitenzi. Katika vyumba vya habari, kwa imani za kishirikina iachwe isipokuwa pale inapotajwa imani ya nani. Katika ufundishaji wa kauli za vitenzi, mifano ya kauli ya kutendwa ifundishwe pamoja na swali la mtenda. Katika tafsiri za sheria, anayetuhumu, anayepiga ramli, anayetuma na anayekata wabaki kuwa viima. Katika uhakiki wa fasihi, iulizwe kwa nini mchawi amepewa riwaya na mtuhumu hajapewa. Mzee wa Shinyanga na mtu mwenye ualbino wa Geita wamekwisha kupewa majina mazuri. Kinachobaki ni sentensi ambayo ndani yake aliyewadhulumu naye anatajwa.